Mhariri, vuli hiyo ni ya nani?

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi kidogo katika gazeti lako. Mimi ni msomaji wenu wa miaka mingi na sina kawaida ya kuandika barua za malalamiko, ila hili limenikaa kooni tangu mwaka jana mwezi wa tisa, mlipotoa ule ukurasa wa kilimo wenye kichwa "Bustani yako msimu wa vuli". Sasa ni Agosti. Mwezi ujao nadhani mtautoa tena, ndiyo nikaona niseme mapema.

Ukurasa ule ulituambia vuli imefika, hewa imeanza kupoa, majani yanapukutika. Basi tuvune maboga, tung'oe mashina ya nyanya yaliyochoka, tukusanye majani makavu tufunike matuta, tuchume matufaha tuyafunge moja moja kwenye karatasi yakae hadi Machi, na tupande vitunguu saumu kabla ardhi haijaganda.

Kabla ardhi haijaganda, Mhariri! Mie nakaa Sahare, Tanga. Nimehesabu mizigo bandarini miaka 31, na kitu pekee nilichowahi kukiona kimeganda hapa mjini ni samaki kwenye friji za watu.

Vuli ya kwetu ni mvua. Inaanza Oktoba, ikichelewa Novemba, na Desemba inakatika. Upepo wa kusi umeshachoka, wa kaskazi haujashika vizuri, na hapo ndipo mtu wa pwani anaponoa jembe. Hiyo mliyoiandika ninyi ni ya Ulaya, Septemba mpaka Novemba, wakati wenzetu wanafunga bustani zao kwa sababu baridi inakuja. Najua kamusi zinaruhusu kuiita vuli, na hata shuleni tuliimbishwa hivyo. Neno sina ugomvi nalo. Lakini mkilitafsiri neno mkaja na kalenda yake nzima, kuna mtu atakula hasara.

Na mtu huyo yupo, ni jirani yangu. Ni binti mwenye watoto wawili, anauza maandazi asubuhi, mchapakazi kwelikweli. Alisoma ukurasa wenu, akaenda soko la Mgandini akanunua saumu kilo moja na nusu, akatenganisha punje, akazichomeka kwenye tuta zuri alilolijaza samadi ya mbuzi. Mie nilimwona nikanyamaza. Ningesema nini? Yeye ana gazeti mkononi, mie nina jembe. Mvua ikaja, saumu ikatoa majani mazuri ya kijani, akafurahi, akaniita nikaone. Februari akafukua. Punje nyingi zilikuwa zimeoza. Zilizosalia kila moja ilikuwa kadude ka mviringo, sawa na jicho la mbuzi, ukikapasua hamna vipande ndani, kitu kimoja tu kama kitunguu cha mchezo. Alicheka, lakini mtu anayeishi kwa maandazi hawezi kuicheka hela ile mpaka mwisho.

Sababu niliipata kwa mwanangu. Yuko Uingereza, mji wa Leeds, na huko amekodi kipande cha bustani cha halmashauri. Wana utaratibu huo tangu zamani, mtu asiye na uwanja anakodishiwa pahala pa kulima mboga zake. Akanieleza kwamba saumu lazima ipigwe baridi majuma kadhaa ndipo ijigawe vipande. Wao wanaipanda Oktoba makusudi, ilale ardhini majira yote ya baridi, waing'oe katikati ya mwaka unaofuata. Isipopata baridi inabaki duara hivyohivyo. Hapa nchini saumu ya maana inatoka Mbulu, kwenye miinuko, si huku kwenye mchanga wa bahari. Sentensi moja tu kuhusu baridi, mngeiweka pale, ingemwokolea jirani yangu kilo na nusu.

Na hayo matufaha! Mke wangu ndiye aliyekisoma kipande hicho kwa sauti, akanitazama. Kwetu ukisema tufaha, mtu mzima anaona lile tunda jekundu la maji, lenye kokwa moja, ambalo ukilichuma asubuhi jioni limeshasinyaa. Lifungwe kwenye karatasi mpaka Machi? Tungefungua tukute funza wana wajukuu. Yale mliyoyakusudia ninyi, yanayouzwa moja moja madukani, mti wake haupo uani kwa mtu yeyote Sahare.

Niseme na mimi nafanyaje, isije ikawa nalaumu tu. Uani kwangu pana matuta 7, mpapai mmoja, mndimu mmoja, na mwembe dodo ambao sikuupanda mimi, niliukuta. Tabia ya kazi haifi, kwa hiyo nina daftari. Naandika mvua ya kwanza, nilichopanda, nilichochuma. Vuli ya mwaka 2022 nimeandika "manyunyu, vumbi halikulowa", na chini yake hesabu ya madumu, 6 kila jioni, kwa ajili ya mchicha tu. Mwaka uliofuata, 2023, ilikuwa El Nino. Tuta la tatu liliondoka lote na samadi yake likaishia barabarani. Ukiangalia kurasa hizo mbili huwezi kuamini ni uani pamoja.

Toka hapo sipandi kabla sijasikia Mamlaka ya Hali ya Hewa wanasemaje. Utabiri wa msimu wa vuli huwa wanautoa mapema, mvua haijaanza. Wazee wetu nao walikuwa na mahesabu yao, mwaka wa jua unaohesabiwa kwa miongo, siku kumi kumi, kuanzia siku ya Mwaka, ile wanayoisherehekea bado kule Makunduchi, Unguja, mwezi Julai. Babu yangu alikuwa anajua kupanda kwa mwongo wa ngapi. Mie sikumsikiliza, nilikuwa nakimbilia mpira.

Kisima chetu kina chumvi. Hili watu wa bara hawalijui. Mwezi wa nane na wa tisa ukimwagilia maji yale, tuta linaota unga mweupe juu, na kunde zinaungua ncha za majani kama zimepitishwa motoni. Mchicha unavumilia kidogo. Mvua ya vuli ikinyesha siku mbili tatu za nguvu, ile chumvi inashuka chini, na siku ya nne unaona bustani imepumua. Ndiyo maana naingoja kuliko mshahara wa zamani.

Ninachopanda ni mchicha, bamia, kunde, tango, na maboga kwa ajili ya majani yake. Biringanya na nyanya chungu nazisia kitaluni Septemba, chini ya kipaa cha makuti, ili mvua ikianza miche iwe tayari. Matuta nayainua shubiri nzima na mifereji katikati, maana mizizi ikilala majini siku mbili umekwisha. Nyanya siigusi wakati huo, majani yanapata ugonjwa wa ukungu kabla hujaona ua. Ya kwangu naisubirisha mpaka masika yamalizike, kipupwe kiingie.

Adui wa vuli ni konokono. Wale wakubwa, wenye nyumba kama ngumi ya mtoto. Mchana humwoni hata mmoja. Usiku saa tatu, mvua imekatika, natoka na tochi na ndoo yenye maji ya chumvi, nawakuta wamepanga foleni kwenye mchicha wa wiki mbili kama abiria wa kivuko. Usiku mmoja wa Novemba niliwaokota 64, niliwahesabu, siwezi kuacha. Mke wangu anasema nilistaafu kuhesabu makontena nikaajiriwa na konokono. Mwenye bata simhurumii, ana dawa bure. Mie bata walinishinda, walikula konokono na mchicha pamoja.

Mchicha unakuwa tayari wiki ya tatu au ya nne. Bamia zangu zinaanza kuzaa karibu siku ya 50, na hapo ndipo kazi ilipo. Lazima upite kila siku moja baada ya nyingine, alfajiri, na kisu kidogo, mikono umeifunika maana majani yanawasha. Naikunja ncha ya bamia kwa dole gumba. Ikikatika tak, nachuma. Ikijikunja tu bila kukatika, hiyo naiacha ikauke iwe mbegu, kwenye mchuzi itakuwa kuni. Siku tatu za msiba nilikuwa Muheza, niliporudi nilikuta bamia ndefu kama funguo za ghala.

Desemba dodo linaanza. Natumia kigoe chenye kifuko cha wavu, na kila embe linakatwa na kikonyo chake, utomvu usimwagike ganda likaungua. Yaliyopevuka bila kuiva tunayavundika kwenye gunia, katikati tunatia ndizi mbivu mbili, tunafunga. Siku ya nne nyumba nzima inanukia.

Hapo ndipo nilipocheka na mwanangu. Mwisho wa Oktoba alinipigia simu ya video, yuko na koti na kofia, anachuma nyanya mbichi, kijani kabisa. Nikamuuliza mbona unazionea? Akasema usiku wa leo unaweza kuwa wa barafu, na barafu ikizipata ikifika asubuhi zimekuwa uji mweusi. Anazipeleka ndani, anazitia kwenye droo pamoja na ndizi mbivu, zinaiva taratibu. Mama yake akadakia, "Si unavundika tu, baba! Umeenda mbali kote huko kuvundika?" Kumbe ndivyo, ndizi inapoiva inatoa hewa inayoliamsha tunda la jirani, Leeds na Sahare ni mamoja. Hata hayo majani makavu ya kufunikia tuta ni ushauri mzuri. Mie natumia ya mwembe, wakati wa jua kali mwezi wa kwanza na wa pili. Yale yenu ya Oktoba, kwenye mvua, yangenifugia konokono.

Kwa hiyo siombi mwache kuandika habari za bustani za Ulaya. Andikeni, tunafurahi kusoma wenzetu wanavyoishi. Nachoomba ni juu ya ukurasa muandike ni vuli ya wapi, na pembeni yake muweke ya kwetu: Tanga hivi, Lushoto hivi, Mbeya hivi, maana hata nchi hii moja haina mvua moja. Mtafuteni bwana shamba wa kila wilaya, atawajazia nusu ukurasa kwa simu tu. Daftari langu nalo lipo, mkitaka nitalinakili, mwandiko wangu unasomeka.

Na yule mwandishi wa ukurasa ule, mwambieni namkaribisha Sahare mwezi wa kumi na moja. Aje na koti la mvua, lile la baridi aliache. Nitampa ndoo na tochi. Jirani yangu naye anamsubiri, amemhifadhia saumu moja.

Mhesabu konokono,
Sahare, Tanga