Usiifunike Hiyo Sakafu, Baba Neema

Matema, Kyela
Juni

Baba Neema,

Kamwene. Huku hatujambo. Mvua imeondoka zake hatimaye, na watu wanaanika mpunga mpaka pembezoni mwa barabara. Video uliyonitumia nimeitazama, nikaona unavyokanyaga karibu na kiti cha nahodha na sakafu ya boti yako inavyobonyea. Umeniuliza kama umfuate fundi wako anayetaka kupigilia plaiwudi mpya juu ya ile ya zamani, apake rangi, boti irudi bwawani Mtera kabla mwezi haujaisha. Jibu langu ni hapana. Nakueleza kwa kirefu kwa sababu nakujua, hapana ya mkato hujawahi kuikubali.

Faiba, yaani nyuzi za kioo zilizogandishwa kwa gundi ya majimaji iitwayo rezini, haiozi. Kinachooza ni mbao iliyofichwa ndani yake. Sakafu ya boti kama yako ni plaiwudi iliyovishwa faiba kwa juu, unene wa milimita tatu hivi, na kwa chini mara nyingi imepakwa rezini kidogo tu au imeachwa wazi kabisa. Wanaokula hiyo mbao ni kuvu, na kuvu hawana kazi kwenye mbao kavu. Unyevu ukishuka chini ya asilimia 20 wanasimama. Sasa huyo fundi anataka kuwafungia humo pamoja na maji yao, awawekee paa jipya, halafu atoboe skrubu nyingine za kupitishia maji zaidi. Juu ya hayo boti inabeba mzigo wa sakafu mbili. Msimu ujao utamwita tena, na safari hiyo atakuta mihimili inayoibeba sakafu nayo imekwenda.

Halafu jiulize maji yameingilia wapi. Watu wengi hulitupia lawama ziwa. Mimi nakaa kando ya Ziwa Nyasa, naona boti zinazopakia abiria na vyungu vya akina mama wa Ikombe, na nakuambia boti haiozi kutoka ziwani, inaoza kutoka mbinguni. Mvua inajaa ndani, boti imeegeshwa na pua imeinama, kizibo cha tezi, kule nyuma ya boti, hakijatolewa, maji yanalala juu ya sakafu na kutafuta tundu. Tundu lipo: chini ya kila mguu wa kiti kuna skrubu nne, na aliyezifunga hakuziba kitu. Maji ya mvua ni mabaya kwa mbao kuliko ya bahari, kwa kuwa chumvi huwachelewesha kuvu. Ndiyo maana boti iliyotoka pwani ikiwa nzima inaweza kuharibika haraka ikishaletwa kwenye maji baridi na kuachwa wazi. Kwako naweka dau kwenye miguu ya kiti cha nahodha. Ng'oa kiti, ingiza bisibisi kwenye tundu la skrubu, uisukume kwa mkono. Ikizama bila kukupinga na kutoka na unga mweusi wenye harufu ya majani yaliyolala kwenye maji, umepata mlango.

Kabla ya kukata, chukua chaki na nyundo. Gonga kwa mpini, siyo kwa chuma. Palipo pazima panalia kwa sauti kali, palipooza panajibu kwa sauti ya kufa. Anza pazima uelekee kwenye ubovu, weka alama pale sauti inapobadilika, uzunguke mpaka mduara ukamilike. Usishangae ukiwa mkubwa kuliko ulivyofikiri. Maji hutembea ndani ya tabaka za plaiwudi mbali na pale yalipoingilia. Kwa hiyo kata sentimita 15 nje ya alama, na kingo za shimo ziishie juu ya mhimili kila inapowezekana, ili plaiwudi mpya iwe na pa kukalia.

Ukataji wenyewe ndio unaonitia wasiwasi. Pima unene kwenye tundu la skrubu. Kama ni plaiwudi ya milimita 12 na faiba ya milimita tatu, msumeno uuweke kwenye 15 usizidi hata kidogo. Chini ya hapo panaweza kupita bomba la petroli na kebo ya usukani, na chini zaidi ni ganda lenyewe la boti. Toa tanki la petroli na betri, usizisogeze tu pembeni. Grainda inatoa cheche. Kata taratibu, ubandue faiba ya juu kwa patasi pana ikiwa kipande kizima kama utaweza. Hicho kipande kihifadhi. Kitakuwa kipimo chako cha plaiwudi mpya, na kikiwa imara unaweza kukirudisha chenyewe juu yake, kazi ikapungua.

Ukishafungua, shusha pumzi kwanza, kwa sababu utakachokiona hakitakupendeza. Kama kuna povu la manjano chini ya sakafu, kamua kipande mkononi. Likitoa maji litoe lote lililolowa; povu la namna hiyo hunywa maji miaka na miaka, na ndilo linaloifanya boti yako iwe nzito mpaka injini ilalamike. Lakini usiache pengo tupu ukifurahia wepesi. Lile povu ndilo linaloishika boti isizame ikijaa maji, na Mtera nako upepo wa alasiri unaujua. Rudisha povu jipya la aina isiyonywa maji, kwa kiasi kilekile.

Mihimili itoboe kwa keekee nyembamba, pembeni karibu na chini. Vumbi likitoka jeupe na kavu, mshukuru Mungu. Likitoka jeusi na kushikamana na keekee, nipigie simu kabla hujafanya kitu kingine, maana mhimili ndio uti wa mgongo wa boti na kuubadilisha ni kazi ya namna nyingine. Angalia pia vitundu vilivyo chini ya mihimili, vile vya kupitishia maji yaende kwenye ngama, chini kabisa ya boti yanakokusanyika. Aghalabu utavikuta vimezibwa na matope na magamba ya samaki. Vizibue, na kingo zake uzipake rezini, kwa sababu hapo nako mbao huwa wazi.

Kukausha usikufanyie haraka. Hapa ndipo ninapokuonea wivu. Sisi Kyela mvua inatunyima hata siku mbili za jua mfululizo hadi Mei iishe, wewe Iringa una kiangazi kirefu mbele yako. Weka boti chini ya bati, pande zote zipitishe hewa. Ukitaka kujua kama mbao iliyobaki imekauka, bandika karatasi ya nailoni angavu juu yake kwa selotepu pande zote nne, uiache kutwa nzima juani. Jioni ukikuta matone yamejikusanya kwa ndani, bado.

Plaiwudi nunua ya kazi ya maji. Wauzaji wengi watakuapia kwamba ya siling'i nayo inafaa. Omba kipande kidogo, kakichemshe kwenye sufuria ambayo Mama Neema haihitaji tena, saa kadhaa. Gundi mbaya itaachia na tabaka zitafunguka zenyewe. Ikibaki imeshikana, rudi dukani ukanunue. Kata kwa kipimo, kisha ipake rezini pande zote mbili na hasa kingo, mara mbili, kabla haijaingia kwenye boti. Upande wa chini hutauona tena, kwa hiyo uutendee haki sasa.

Sasa rezini. Kuna ya polyester na kuna ya epoxy. Epoxy inashika vizuri zaidi kwenye faiba ya zamani, lakini ni ghali, na ile faiba ya mati, ya nyuzi zilizokatwakatwa na kutawanywa, kwa kawaida imetengenezwa kwa ajili ya polyester. Gundi inayozishikanisha nyuzi zake huyeyuka humo, kwenye epoxy haiyeyuki. Wewe tumia polyester, na usichanganye safari moja hii na safari nyingine ile, maana polyester haishiki vizuri juu ya epoxy. Kinachoipa nguvu polyester ni maandalizi. Faiba ya zamani kuzunguka shimo isage kwa msasa namba 40 mpaka mng'ao uishe, na ukingo wake uuteremshe taratibu. Kwa unene wa milimita tatu, mteremko uwe na upana wa sentimita nne hivi. Fundi anayebandika mati juu ya rangi inayong'aa amebandika stika. Siku ya kusaga vaa barakoa nzuri, miwani na mikono mirefu, na ukimaliza uoge maji ya baridi kwanza, la sivyo utajikuna usiku kucha.

Hadina, ile dawa ya kuigandisha rezini, ndiyo inayowashinda wengi, na hapo baridi ya kwenu ina neno lake. Kiasi cha kawaida ni asilimia moja hadi mbili ya uzito wa rezini, yaani gramu 10 hadi 20 kwa kilo. Huku kwetu joto likipanda tunabaki kwenye 10, na bado inaganda upesi. Iringa mwezi huu usiku unashuka chini ya nyuzi 15, na rezini iliyopakwa jioni inaweza kulala bila kukomaa hata ukiiamkia asubuhi. Ukiongeza hadina kupita mbili ili uilazimishe, utapata faiba dhaifu. Dawa yake ni kuanza saa nne asubuhi, jua likishapasha boti, na kuwa umemaliza saa tisa ili ipate joto la alasiri kabla ya umande. Changanya nusu kilo nusu kilo, kwenye chombo kipana. Ndani ya ndoo nyembamba rezini inajipasha yenyewe mpaka ifuke moshi. Pima kwa mizani au bomba la sindano, achana na kupima kwa kifuniko. Na tafadhali, hadina ikirukia jicho inaweza kupofusha, kwa hiyo miwani usiivue na ndoo ya maji safi iwe karibu. Ukiuziwa pia chupa ya tatu, ya kichapuzi cha rangi ya zambarau, hiyo na hadina visikutane peke yao hata tone; vinaweza kulipuka.

Laza plaiwudi juu ya mihimili kwa rezini nzito iliyochanganywa na nyuzi zilizosagwa, iweke mawe juu mpaka ishike. Kisha mati ya gramu 450, tabaka mbili, ya kwanza iishie ndani ya mteremko na ya pili iivuke. Kwa eneo la mita moja ya mraba, tabaka hizo mbili zina gramu 900 za nyuzi, nazo zitakunywa rezini kilo mbili na robo au karibu na hapo. Paka rezini kwanza juu ya mbao, laza mati, halafu ipigepige kwa brashi badala ya kuiburuta. Utaiona inabadilika: nyeupe inakuwa kijivu, kisha inapotea kabisa na nyuzi za mbao zinaonekana chini yake. Palipobaki weupe pana hewa. Pitisha rola ya chuma, utasikia mlio mdogo wa mapovu yanayopasuka. Endelea hadi mlio ukome. Kazi hii naipenda kuliko zote, na huwa simwachii kijana hata akiniomba.

Rezini ya kawaida hubaki inanatanata kwa juu, usidhani imeharibika. Tabaka la mwisho liwe na nta, au jelkoti, yaani rezini ya rangi ya kumalizia, yenye nta. Nyunyizia mchanga mkavu uliochekechwa ikiwa bado mbichi ili watu wasiteleze. Kuhusu viti, toboa tundu kubwa kuliko skrubu, lijaze rezini, likikauka toboa tena katikati la kipimo cha skrubu. Hapo skrubu inauma rezini na mbao haiguswi na maji. Kwa kuwa boti inabeba watu wengine, iombee ukaguzi wa TASAC, Shirika la Uwakala wa Meli Tanzania, kabla hujaishusha, hata kama majirani wako hawafanyi hivyo.

Fundi wako usimfukuze. Anajua kukata na ana vifaa. Mwambie tu kazi utakayomlipa ni ipi. Akikataa kusubiri mbao ikauke, hapo mwachie aende.

Nitumie picha za mihimili ukishafungua, kabla hujanunua hata kopo moja. Mati naweza kukutafutia Mbeya nikipanda mwisho wa mwezi, nitajie tu eneo. Mchele unakuja na basi la Jumanne, gunia lina jina lako kwa rangi nyekundu. Mwambie Mama Neema ni wa Kyela kweli, haujachanganywa, na nasubiri maharage yake.

Wako,
Baba Atupele