Ziwa halikumchukua mwanangu kwa sababu sikupanda mbegu

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi kidogo katika gazeti lako. Mimi ni mama wa miaka 58, ninaanika na kuuza dagaa hapa Masese, Jinja, kando ya Ziwa Viktoria nchini Uganda. Nimezaliwa Walukuba, kwenye nyumba za wafanyakazi, ambako watu wa kila kabila tulielewana kwa Kiswahili.

Miaka minne iliyopita mwanangu wa pili alitoka na mtumbwi siku za giza, maana mbalamwezi ikiwaka taa hazivuti dagaa. Upepo ukawakuta katikati. Walikuwa wanne, wakarudi wawili. Mwanangu hajaonekana hata leo. Hakuwa na jaketi okozi. (Wenye mitumbwi, nawasihi, wanunulieni vijana wenu.)

Wiki ya tatu ya msiba, mhubiri mmoja alikuja nyumbani akaniambia, "Mama, ungekuwa umepanda mbegu, ziwa lisingemchukua." Mbegu ni pesa anazopewa mhubiri ili Mungu akubariki. Nilikuwa nimekaa mkekani, sina nguvu hata ya kumwambia atoke. Namjibu leo kwa sababu juzi nimesikia maneno hayohayo akiambiwa mama mwingine hapa mwaloni, naye bado anaangalia maji.

Baba yangu alikuwa Mlokole, yaani Mkristo wa uamsho. Februari 1977, wakati wa Idi Amin, redio ilipotangaza kwamba Janani Luwum, Askofu Mkuu wa Kianglikana aliyepinga mauaji ya serikali, amekufa kwa ajali ya gari pamoja na mawaziri wawili, baba aliizima akapiga magoti. Nyumbani kwetu hakuna aliyeiamini ajali hiyo. Kule Namirembe, kwenye kanisa kuu la Kampala, kaburi lilichimbwa karibu na la Askofu Hannington, aliyeuawa naye miaka ya nyuma, lakini mwili haukuletwa. Ulipelekwa Mucwini, kwao, ukazikwa huko. Waumini waliokuja kumzika walisimama mbele ya shimo tupu wakaimba. Baba alitusimulia habari hiyo mara nyingi, nami niliisikiliza kama hadithi ya watu wakubwa, mpaka nilipokosa mwili wa kuzika. Je, Luwum alipungukiwa imani? Na vijana waliochomwa Namugongo kwa ajili ya imani yao tarehe 3 Juni 1886, ambao kila mwaka watu wanatembea kwa miguu siku nyingi kwenda kuwakumbuka, walikosa kutoa sadaka?

Kwa miezi mingi sikuweza kuomba. Kanisani nilikaa benchi ya nyuma, wimbo ukianza natoka nje. Aliyenisaidia ni mama mwenzangu wa kanisani. Alikuja kila asubuhi, akainama nami kugeuza dagaa kwenye nyavu, wala hakunitajia Mungu. Rafiki za Ayubu nao walikaa naye chini siku saba, mchana na usiku, bila kusema neno. Walikosea walipoanza kuhubiri.

Siku moja mama huyo aliniachia Biblia yake imefunguliwa kwenye Zaburi ya 88. Nilikuwa nimezoea kuiruka, maana inaanza kwa kulia na inaishia gizani, haina faraja mwishoni. Niliisoma kwa sauti ufukweni alfajiri, kisha nikaendelea kwa maneno yangu, nikamlaumu Mungu kwa mambo yote niliyokuwa nimeyafunga moyoni. Jua lilipotoka ndipo nikagundua kwamba nimeomba.

Paulo aliwaandikia Wakorintho kwamba utu wetu wa nje unachakaa, lakini wa ndani unafanywa upya siku kwa siku. Zamani nilidhani kufanywa upya ni kurudi nilivyokuwa. Sijarudi. Nikisikia injini ya mtumbwi usiku bado naamka. Lakini zamani msiba ukitokea nilipeleka unga nikaondoka haraka, maana niliogopa machozi ya watu. Sasa ninaweza kukaa nao. Na mtu asiniambie kwamba Mungu alimzamisha kijana ili amfunze mama yake hilo. Huyo nitamkataa kama nilivyomkataa mtu wa mbegu. Ninachokijua ni kwamba Kristo aliyemwonyesha Tomaso makovu yake alikuwa pamoja nami ufukweni pale, na sikuwa nimempa kitu.

Wachungaji na makatekista wa mialo yote, nina ombi moja. Mtu akipotea ziwani, msingoje mwili ndipo mfanye ibada. Sisi tulingoja mwaka mzima. Siku mchungaji wetu alipokuja ufukweni, akayataja majina ya vijana wote wawili mbele ya maji na tukaimba, usiku ule nililala mpaka asubuhi kwa mara ya kwanza.

Mama niliyemtaja bado hajafanyiwa ibada. Kesho nikishaanika nitakwenda kukaa naye.

Mama wa dagaa,
Masese, Jinja