Taarifa ya Mwenyekiti kwa Mkutano Mkuu wa Mwaka wa Chama cha Matembezi

Ndugu wanachama,

Kwa niaba ya kamati nawasilisha taarifa ya mwaka unaomalizika. Hesabu za fedha atazisoma mweka hazina, na katibu anayo orodha ya wanachama wapya, kwa hiyo hayo sitayagusa. Muda wangu nitautumia zaidi kwa jambo lililoisumbua kamati kuliko mengine yote: watu wanajiunga kwa hamu, kisha baada ya wiki chache hatuwaoni tena.

Tuliwatafuta walioacha, tukawauliza. Wachache walikuwa wamehama au wameugua. Wengine wote walitupa jibu linalofanana: waliachwa nyuma. Kundi lilishika mwendo wa waliozoea, mgeni akabaki peke yake akihema, na wiki iliyofuata akaona haya kurudi. Jibu hilo liliniuma, maana hao ndio chama kiliundwa kwa ajili yao: mwenye shinikizo la damu, ambaye sukari yake imeanza kupanda, mstaafu anayeshinda ameketi. Mwenye pumzi na miguu yenye nguvu angetembea hata bila sisi.

Ndiyo maana katikati ya mwaka tulibadili utaratibu. Kila kundi sasa lina viongozi wawili, mmoja mbele na mmoja nyuma, na wa nyuma hampiti mtu yeyote. Wa mbele husimama kwenye kila njia panda mpaka wa mwisho afike, na hatuondoki papo hapo. Aliyefika mwisho naye hupewa nafasi ya kupumua. Zamani waliotangulia ndio waliopumzika, na aliyechoka zaidi ndiye aliyekosa mapumziko. Wanaopenda kukaza mwendo wana kundi lao. Tunaondoka pamoja na kurudi pamoja.

Wapo walioniuliza kama mwendo huo wa taratibu bado ni mazoezi. Ni mazoezi, kwa sababu kinachopimwa ni jitihada ya mwili wako, si kasi ya jirani yako. Ukiweza kuzungumza lakini huwezi kuimba, umefika kiwango cha wastani. Mwongozo wa Shirika la Afya Duniani wa mwaka 2020 unawataka watu wazima wapate dakika 150 hadi 300 za kiwango hicho kwa wiki, na uliondoa sharti la zamani kwamba kila kipindi kisipungue dakika 10. Aliyetembea kidogo, akapumzika, akaendelea, dakika zake zote zinahesabiwa.

Lipo pia suala la hatua 10,000 kwa siku, ambalo limewavunja moyo baadhi yenu. Idadi hiyo ilienea kutokana na kifaa cha kuhesabia hatua kilichouzwa Japani mwaka 1965; haikutokana na ushahidi wa kitabibu. Mwaka 2019 mtafiti I-Min Lee na wenzake walichapisha utafiti wa wanawake wazee nchini Marekani. Waliofikisha wastani wa hatua 4,400 kwa siku walikuwa na vifo vichache kuliko wa hatua 2,700, na tofauti iliendelea kukua hadi kwenye hatua 7,500 hivi, kisha ikatulia. Utafiti wa namna hiyo peke yake hauthibitishi kwamba hatua ndizo zilizookoa maisha, lakini unatosha kumwondolea hofu anayeona 10,000 kama mlima.

Kuhusu kutembea kwa makundi, mapitio ya tafiti 42 yaliyochapishwa mwaka 2015 yalikuta shinikizo la damu, mapigo ya moyo wakati wa kupumzika, mafuta ya mwilini na dalili za sonona vikipungua kwa washiriki. Yalikuta pia kwamba wengi wao hawakuacha. Nalisisitiza hili la mwisho kwa sababu linaonyesha tunachoweza kufikia.

Usalama kwa ufupi. Anayesikia maumivu ya kifua au kizunguzungu asimame na amwambie kiongozi hapo hapo, asijikaze. Mwenye kisukari akague miguu yake kabla na baada ya matembezi, na anayetumia insulini abebe kitu chenye sukari.

Kamati inaleta mapendekezo mawili yapigiwe kura. La kwanza, viongozi wote wapate mafunzo ya huduma ya kwanza. La pili, tuongeze mazoezi mafupi ya nguvu na ya kusimama bila kuyumba mwishoni mwa matembezi, kwani mwongozo ule ule unawashauri wenye miaka 65 na zaidi kufanya mazoezi ya aina hiyo angalau siku 3 kwa wiki ili wasianguke, na kutembea pekee hakutoshi kwa hilo.

Nawashukuru viongozi wa nyuma, ambao kila mara hutembea wa mwisho. Bado ni wachache. Anayejitolea kwa kazi hiyo aandikishe jina lake kwa katibu kabla kura hazijaanza.

Mwenyekiti