Noeli njema kutoka Goma, musiogope

Bandugu na badada, jirani zetu wa Ndosho, Katoyi, Majengo mpaka Himbi, na wetu wote wenye muko mbali, Noeli njema sana!

Mwaka huu 2025 kila mutu anajua venye ulianza. Mwisho wa mwezi wa kwanza masasi ya vita iliingia muji, tukalala chini ya vitanda, kisha banki zikafunga, ndege zikaacha kutua, na wale wa kwenye makambi wakabomoa vibanda vyao warudi vijijini kwenye wengine hawakukuta hata mulango.

Njo maana Noeli hii nimesoma tena Matayo sura ya 2. Tunapenda kuimba malaika na wachungaji, lakini Yosefu anaamushwa usiku, anabeba mutoto na mama yake, anakimbia Misri juu Herode anatafuta kuua mutoto. Kuna wenye wanahubiri eti aliyekimbia vita hakuwa na imani. Miye nakataa kabisa. Yosefu alikimbia, na Mungu ndiye alimwambia kimbia. Halafu mustari wa 22, wakati wa kurudi, anasikia Arkelao mutoto wa Herode njo anatawala Yudea, na Biblia inasema wazi aliogopa kwenda kule. Aliogopa! Mungu hakumugombeza, alimuonyesha njia ingine, ya Galilaya, akaenda kukaa Nazareti.

Kuogopa basi haiko zambi. Mubaya ni pale woga inakuwa njo mukubwa wa nyumba, inatuma watu audio saa nne ya usiku "leo wanapiga", hakuna anajua nani aliisema, na asubui mama mwenye tensio (presha ya damu) amelazwa. Njo woga pia inatufanya tuanze kuuliza jirani wa miaka yote iko kabila gani.

Pale soko ya Virunga kuna mama anauza sambaza, zile samaki ndogo ndogo. Anajua watu hawalipwi, lakini anapima kikombe, anaongeza kamukono kamoja juu, anaandika deni kwenye kaye (daftari) yenye imelowa maji ya samaki, anakwambia "utalipa Mungu akifungua." Bwana yake hajulikani aliko tangu vita. Kila asubui mapema iko pale.

Muji wetu wenyewe, volkano ya Nyiragongo iliuchoma tarehe 17/1/2002, kathedrali ya Mutakatifu Yosefu ikaenda na lava, 2021 tena tukatembea na magodoro kichwani kuelekea Sake, na leo nyumba zetu zimesimama juu ya mawe ile ile.

Kesho ukiweka muchele kwenye chungu ongeza kikombe kimoja, juu kwenye parsele (kiwanja) yako iko mutu hana, na hatasema.

Wenye muko Bukavu, Uvira, wenye mulivuka Burundi na Uganda, tunawaombea jina kwa jina. Mungu awalinde, atuonane tena na uzima. Noeli njema na mwaka mupya 2026!