Majibu Yarudi Mlangoni: Risala ya Wahitimu wa Afya ya Jamii kwa Mgeni Rasmi

Mheshimiwa Mgeni Rasmi,
Mkuu wa Chuo na wahadhiri wetu,
Wazazi na walezi,
Wahitimu wenzetu, mabibi na mabwana, itifaki imezingatiwa.

Tunakushukuru kwa kukubali kuwa nasi. Tunajua umeacha vikao, na tunajua pia kwamba risala ni ile sehemu ya sherehe ambayo mgeni rasmi huivumilia akisubiri zamu yake ya kusema. Risala nyingi hutaja mafanikio, zikafuata changamoto, kisha maombi saba, la saba likiwa basi la chuo. Sisi basi hatuombi, ingawa likija hatutalirudisha. Tuna ombi moja tu, ila maelezo yake ni marefu kidogo.

Muhula wa mwisho tulitumwa kukusanya takwimu. Kila kikundi kilipewa kishikwambi, dodoso refu na orodha ya kaya. Tukabisha hodi, tukasoma fomu ya ridhaa, tukauliza: mtoto ameharisha katika wiki mbili zilizopita? Maji ya kunywa mnayatoa wapi? Mara ya mwisho mlipotumia antibiotiki, nani aliwaandikia? Kwenye mlango mmoja bibi mmoja alitusikiliza mpaka mwisho wa fomu, kisha akasema: "Wajukuu zangu, mwaka juzi walikuja wenzenu na maswali kama haya haya. Niliwajibu yote. Majibu yangu yalikwenda wapi?"

Tuliangaliana. Mwenzetu aliyeshika kishikwambi akasema yamo kwenye ripoti. Bibi akauliza ripoti iko wapi. Hatukujua. Alitujibu hata hivyo, swali moja baada ya jingine, akatusindikiza hadi njiani. Mitihani yote tuliyoifanya hapa haikutusumbua kama swali lile.

Mheshimiwa Mgeni Rasmi, fani yetu hupenda kujisifia kisa cha daktari John Snow. Mwaka 1854 kipindupindu kiliua watu kwa mamia kuzunguka mtaa wa Broad Street, London. Snow akaonyesha kwamba chanzo ni maji ya pampu moja, na mpini wa pampu ukaondolewa. Darasani kisa huishia hapo. Ukikifuata zaidi unakutana na mchungaji Henry Whitehead, aliyekuwa akihudumu mtaa huo na ambaye hakumwamini Snow hata kidogo. Alianza kupita nyumba kwa nyumba ili athibitishe kwamba daktari amekosea. Kwa kuwa watu walimfahamu, walimfungulia na kumweleza, na majibu yao yakamgeuza mawazo. Ni yeye aliyeifikia nyumba ya mtoto mchanga aliyeugua mwanzo kabisa, ambaye maji ya kufulia nepi zake yalimwagwa kwenye shimo lililokuwa jirani na kisima. Na kuna la pili lisilosemwa sana: ugonjwa ulipotulia, mpini ulirudishwa mahali pake, na wakubwa wa afya wakayakataa maelezo ya Snow. Alifariki mwaka 1858 wakiwa bado hawajayakubali.

Ushahidi kuachwa mlangoni mwa wakubwa si jambo la karne ile peke yake. Mwaka 1950 watafiti wa Uingereza, Richard Doll na Austin Bradford Hill, walichapisha utafiti uliohusisha sigara na saratani ya mapafu. Mkataba wa kimataifa wa kudhibiti tumbaku ulipitishwa mwaka 2003. Katikati hapo ni miaka 53, na haikuwa ya usingizi. Kuna waraka wa ndani wa kampuni ya sigara, wa mwaka 1969, ulioandika wazi kwamba shaka ndiyo bidhaa yao. Petroli yenye madini ya risasi nayo iliua wafanyakazi wa viwandani tangu miaka ya 1920, na madaktari walipiga kelele wakati huo huo. Nchi ya mwisho kuacha kuiuza kwenye vituo vya mafuta, Algeria, iliacha mwaka 2021. Karibu miaka mia moja! Waliovuta moshi ule utotoni wamezeeka na wengine hawapo.

Tunayataja haya kwa sababu tumechoka kusikia kila warsha ikimalizika kwa azimio kwamba "utafiti zaidi unahitajika." Mara nyingine unahitajika kweli. Mara nyingine utafiti upo, na kinachokosekana ni mtu wa kuunyanyua kutoka kabatini.

Sasa tukueleze mahali ambapo ulinyanyuliwa. Mwaka 1971, wakati wa vita vilivyozaa Bangladesh, wakimbizi walijaa Bangaon, upande wa India, na kipindupindu kikaingia kambini. Dripu zikaisha. Daktari Dilip Mahalanabis akaamua kuwanywesha wagonjwa maji yaliyochanganywa chumvi na sukari, akiwaachia ndugu zao vikombe wawanyweshe wenyewe. Vifo vilivyokuwa vikifika 30 katika kila wagonjwa 100 vilishuka chini ya 4. Sayansi yake ilikuwa imeshafanyiwa kazi kwenye maabara na wodini kabla ya hapo; ila wakubwa wengi wa tiba waliona aibu kuamini dawa ambayo mama asiyesoma angeweza kuikoroga.

Halafu likaja jambo ambalo sisi tumelijadili bwenini mpaka taa zikazimwa. Kuanzia mwaka 1980 shirika la BRAC la Bangladesh liliwatuma wanawake vijijini, nyumba kwa nyumba, kuwafundisha kina mama mchanganyiko ule: chumvi ya kushika kwa ncha za vidole vitatu, sukari guru ya gao moja, maji ya kipimo. Katika miaka kumi walifikia kaya zaidi ya milioni 12. Na malipo yao hayakufuata idadi ya milango waliyobisha, wala sahihi kwenye karatasi ya mahudhurio. Wasimamizi walirudi baadaye kwa baadhi ya kina mama na kuwauliza wanakumbuka nini, na mwalimu akalipwa kwa kadiri mama alivyokumbuka. Sisi tulioona posho ikilipwa kwa kusaini jina asubuhi na kuondoka saa sita tunaomba jambo hili lifikiriwe polepole. Fedha zilifuata kilichobaki kichwani mwa mama.

Mheshimiwa Mgeni Rasmi, swali la bibi linaulizwa hata kwenye meza kubwa za dunia, ila kwa maneno mazito zaidi. Mwaka 2007 Indonesia ilizuia sampuli zake za virusi vya mafua ya ndege zisipelekwe kwenye maabara za nje. Hoja yake ilikuwa kwamba sampuli zinaondoka bure, zinatengenezewa chanjo, na chanjo inarudi kwa bei ambayo wenye sampuli hawaimudu. Wengi waliikasirikia, na kweli kuficha kirusi ni hatari kwa kila mtu. Lakini ugomvi ule ndio uliozaa utaratibu wa mwaka 2011 wa Shirika la Afya Duniani wa kugawana virusi vya mafua na manufaa yake. Miaka kumi baadaye, Novemba 2021, wanasayansi wa Botswana na Afrika Kusini waliitangazia dunia mapema kwamba wameona aina mpya ya kirusi cha korona, ile iliyopewa jina la Omikroni. Walichopata ni mipaka kufungwa na ndege kuzuiwa. Asante ya punda mateke.

Mei 2025 nchi wanachama wa Shirika la Afya Duniani zilipitisha mkataba wa kukabili majanga ya magonjwa ya mlipuko, baada ya majadiliano ya zaidi ya miaka mitatu. Sehemu iliyowashinda kumaliza ni ile ile: anayetoa sampuli apate nini. Ikaachwa ijadiliwe peke yake kama kiambatisho. Tulipolisoma hilo tulicheka kidogo. Mabalozi na wanasheria wa nchi zaidi ya mia moja walikwama kwenye swali ambalo bibi alituuliza akiwa amesimama mlangoni kwake.

Lipo pia jambo la sindano ya lenakapaviri, inayochomwa mara mbili kwa mwaka kumkinga mtu na Virusi vya UKIMWI. Katika jaribio lililotolewa matokeo mwaka 2024, wanawake na wasichana 2,134 wa Afrika Kusini na Uganda waliopewa sindano hiyo hakuna hata mmoja aliyeambukizwa. Ni nadra sana katika fani yetu kuandika sifuri kwenye safu ya walioambukizwa. Ilipoidhinishwa Marekani mwaka 2025, bei yake huko ilizidi dola 28,000 kwa mwaka. Baadaye mwaka huo huo yalitangazwa makubaliano ya kuitengeneza kwa takribani dola 40 kwa mwaka kwa ajili ya nchi 120, kuanzia 2027. Tunapongeza. Ila tunatamani makubaliano ya namna hii yasainiwe kabla mshiriki wa kwanza hajachomwa sindano, wakati bado ana nafasi ya kusema hapana.

Maana watu wakichoka kuuliza huanza kukataa. Kuanzia 1932 hadi 1972, huko Tuskegee, Marekani, mamia ya wanaume weusi wenye kaswende walifuatiliwa tu ili ionekane ugonjwa utawafikisha wapi, hata baada ya penisilini kuwa dawa inayojulikana. Hadi leo watafiti wakistaajabu kwa nini watu fulani wanaogopa chanjo, huwa tunajiuliza kama wamewahi kuwauliza babu zao walitendewa nini.

Upande wa takwimu zenyewe nao una nyufa. Mpango wa tafiti za idadi ya watu na afya, unaofahamika kwa kifupi kama DHS, ulianza mwaka 1984 kwa fedha za Marekani na umefanya kazi katika nchi zaidi ya 90. Takwimu za vifo vya watoto, chanjo na uzazi ambazo viongozi wengi huzinukuu majukwaani zimetoka humo. Mwanzoni mwa 2025 fedha zilikatwa na kazi ikasimama ghafla, madodoso mengine yakiwa katikati ya safari. Wengine walijitokeza baadaye kuokoa sehemu yake. Lakini somo limetuingia: nchi ikimwachia jirani akuhesabie watoto wako, siku jirani akikasirika hujui una watoto wangapi. Na kwenye usugu wa dawa, yaani vijidudu kutosikia dawa, hali ni hiyo hiyo. Inakadiriwa kuwa bakteria sugu walisababisha moja kwa moja vifo milioni 1.27 duniani mwaka 2019, na Septemba 2024 viongozi kwenye Umoja wa Mataifa waliahidi kupunguza vifo vinavyohusiana na usugu huo kwa asilimia 10 ifikapo 2030. Kwa maeneo mengi hesabu ile ni makadirio, kwa kuwa maabara za kuotesha vijidudu ni chache. Utapunguzaje kitu ambacho hukukihesabu?

Mheshimiwa Mgeni Rasmi, sasa ombi lenyewe. Tamko la Helsinki, ambalo ni mwongozo wa maadili ya utafiti wa tiba tangu mwaka 1964, linasema washiriki wapewe nafasi ya kuelezwa matokeo ya jumla ya utafiti. Marekebisho ya Oktoba 2024 yamekaza zaidi: jamii ishirikishwe kabla, wakati na baada ya utafiti. Kwa hiyo hatuombi jipya. Tunaomba wewe, unayeketi mezani pale bajeti zinapopitishwa, usiidhinishe andiko la utafiti lisilo na fungu la kurudisha majibu. Fungu halisi, lenye kiasi, mtu anayewajibika na tarehe. Siyo sentensi ya heshima kwenye ukurasa wa mwisho. Majibu yawe kwa lugha ya walioulizwa, hata kama ni ukurasa mmoja wa kusomwa mkutanoni, na hata kama jibu ni kwamba dawa haikufaa, kwa sababu hayo nayo hufichwa sana. Na sera ikitungwa bila kufuata utafiti, waliotoa majibu waelezwe sababu. Tunafahamu kwamba uamuzi hupimwa kwa mambo mengi, fedha zikiwemo. Watu wazima huelewa wakielezwa.

Mtatuuliza sisi tumefanya nini. Tumeandika muhtasari wa ukurasa mmoja wa yale tuliyoyakusanya muhula ule. Uliwachukua wenzetu watatu wiki mbili, kwani kueleza kitu bila maneno ya darasani ni kazi ngumu kuliko tasnifu. Mwezi ujao tutaupeleka kule tulikotoka na kuusoma mbele ya wote waliotufungulia. Kama ratiba yako itaruhusu, tunakukaribisha twende pamoja. Majina yote yalishafutwa kwenye takwimu, kama maadili yanavyotaka, lakini njia ya kufika kwa bibi tunaikumbuka.

Tunaomba kuwasilisha.

Wahitimu wa Afya ya Jamii