Msituambie nchi za Kiislamu zimesalimika

Mhariri, assalamu alaykum.

Nalisoma gazeti lenu tangu ujana wangu na sijawahi kuwaandikia. Makala yenu ya Ijumaa, ile iliyodai nchi za Kiislamu zimesalimika na UKIMWI kwa kuwa watu wake wanashika dini, imenishinda kuinyamazia.

Kweli, hapa Zanzibar maambukizi hayafiki asilimia 1, na tohara peke yake humpunguzia mwanamume hatari ya kuambukizwa na mwanamke kwa takriban asilimia 60. Sikatai kwamba dini humkinga mtu na mengi. Lakini Benghazi, Libya, mwaka 1998, watoto zaidi ya 400 waliambukizwa wakiwa wamelazwa hospitali. Ratodero, Pakistan, mwaka 2019, walikutwa na virusi watoto kwa mamia, na uchunguzi ukaelekea kwenye sindano zilizorudiwa. Watoto wale walimwasi Mungu kwa lipi? Iran nayo iliingiza methadoni, dawa inayopewa waraibu badala ya unga, magerezani ilipoona sindano za unga zinawamaliza watu wake.

Kwetu ni unga huohuo. Mdogo wangu alijidunga miaka tisa, bomba moja watu wanne. Methadoni ya hospitali ya Kidongo Chekundu ilimrudisha nyumbani, akawa mtu tena. ARV zake, dawa za kufubaza virusi, alizificha kwenye kopo la majani ya chai. Siku jirani alipoziona, akaacha kuzimeza. Amefariki mwaka jana. Waosha maiti wawili walikuja, wakafunua shuka, wakaona makovu ya mikono, wakaweka kata chini wakatoka. Nilimwosha mimi na mwanangu wa miaka 17, yeye anamimina maji huku anatetemeka, mimi namwambia anza upande wa kulia, taratibu. Wale waliotoka tunaswali nao safu moja kila siku, na ndio hao mnaowaambia kwamba maradhi haya si yetu!

Na hivi vyeti vya kupima kabla ya nikahi? Majibu yanafika barazani kabla ya kumfikia bwana harusi. Nani tena atakwenda kupima kwa hiari?

Ninaloomba ni hili: kila msikiti, pale panapowekwa jeneza, sanda na karafuu maiti, pawekwe na boksi la glovu, na muuguzi aje awafundishe waosha kazi hiyo. Nanyi andikeni, ukurasa uleule wa Ijumaa, kwamba wenye virusi tunao majumbani mwetu na wanafunga na kuswali kama sisi.

Msomaji wenu,
Ng'ambo, Unguja