Riwaya za gothiki hazijatoka kwa Wagothi

Mhariri,

Naomba kanafasi nisahihishe kitu kwenye safu yenu ya vitabu. Mwandishi kasema riwaya za gothiki, zile za majumba ya giza na mizimu, zinaitwa hivyo eti kwa sababu asili yake ni ngano za kutisha za Wagothi, watu wa kale wa Ulaya. Jamani hapana! Na wanafunzi wa fasihi wanawasoma nyie.

Wagothi walikuwepo kweli, ndio walioteka Roma mwaka 410 chini ya mfalme wao Alaric, na ufalme wao wa Hispania ulivunjika mwaka 711. Sasa yale makanisa marefu yenye matao yaliyochongoka, ambayo nayo yanaitwa ya gothiki, yalianzia Ufaransa, pale Saint-Denis, kwenye miaka ya 1140, Wagothi washapotea zamani. Jina lilikuja kama tusi. Waitaliano waliokuwa wanayapenda mno majengo ya Roma ya kale, akiwemo mchoraji na mwandishi Giorgio Vasari kwenye kitabu chake cha 1550, waliuona ujenzi ule ni ushenzi mtupu, basi wakawabambikia Wagothi.

Tusi likafika Uingereza, ikawa chochote cha zama za kati ni gothiki. Ndipo mwandishi Mwingereza Horace Walpole akatoa riwaya yake The Castle of Otranto mwishoni mwa 1764, akasingizia ni tafsiri ya kitabu cha zamani cha Kiitaliano. Inaanza siku ya harusi, hata ndoa haijafungwa, likofia la chuma kubwa ajabu linadondoka uani linamponda bwana harusi palepale. Watu wakaipenda mno, toleo la pili la 1765 akakiri ni yake na akaiita hadithi ya kigothi, akimaanisha ya zama zile za kati, siyo ya kutisha! Utisho umejishikiza kwenye neno baadaye, maana waliomfuata walichukua mizimu na mahandaki yake wakaendelea nayo.

Na Wagothi wenyewe wametuachia nini? Biblia aliyoitafsiri askofu Wulfila karne ya 4 kwa lugha yao, na nakala ya Injili zake ipo Uppsala, Uswidi, imeandikwa kwa wino wa fedha na dhahabu juu ya ngozi iliyotiwa rangi ya zambarau, nzuri mpaka basi. Tafadhali wekeni sahihisho toleo lijalo, na nafasi ikiwepo mtoe na picha ya ukurasa mmoja wa hizo Injili.

Msomaji wenu wa kila wiki